Bunduki Bila Risasi ni Kibuyu cha Maji

Susu yangu huweka ugoro wake ndani ya ganda la risasi.

Si kaganda kadogo kama kale unaona kwa habari polisi wakiokota barabarani. Hili ni jitu. Urefu wake ni sentimita 8 na kitu, shaba ya manjano iliyong'arishwa na vidole vya mtu mmoja kwa zaidi ya miaka 60, na mdomo wake umezibwa na kipande cha mti. Ukiligeuza, pale kitakoni kuna herufi zilizofutika nusu, KYNOCH, na namba: .470.

Nimeliona ganda hilo tangu nikiwa mtoto na sikuwahi kuuliza. Desemba iliyopita tukiwa nyumbani, upande wa Kibwezi, tumekaa tunachambua ndengu, nikauliza.

"Susu, hii kitu ilitoka wapi?"

"Ni ya babu yako. Bwana wake alipiga ndovu, babu yako akaokota."

Akanusa ugoro, akapiga chafya mbili, akaendelea na ndengu zake. Halafu, kama mtu anayeongea na sinia, akasema: "Mwaka huo huo kaka yake alifungwa kwa kupiga ndovu."

Hiyo ndiyo sentensi iliyoniharibia likizo. Ndugu wawili, tumbo moja. Mmoja alikuwa analipwa kwa sababu ndovu amekufa, mwingine akafungwa kwa sababu ndovu amekufa. Nilirudi Nairobi nikiwa na picha ya lile ganda kwa simu, nikaanza kusoma. Nilidhani nitasoma kuhusu bunduki. Kumbe bunduki si stori. Stori ni kile kinachoingia ndani ya bunduki, na nani anaruhusiwa kukitengeneza.

Wacha nianze na neno lenyewe, kwa sababu Kiswahili kimeshatuambia kila kitu na sisi hatusikii.

Risasi ni nini? Utasema ni ile kitu inatoka kwa bunduki. Sawa. Lakini fungua kamusi. Risasi pia ni madini, ile metali laini, nzito, ya kijivu, inayoyeyuka kwa moto wa kawaida. Neno ni moja kwa sababu zamani kitu kilikuwa kimoja. Ulikuwa na kipande cha risasi, ukakiyeyusha, ukakimimina kwenye kalibu, kikapoa, ukawa na risasi. Na ukitaka kuitumia ulikuwa "unashindilia" bunduki. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unashindilia na fimbo, unatia kitambaa, unasukuma risasi, unashindilia tena, halafu unaweka fataki nyuma. Hiyo ndiyo gobore. Kila mwenye gobore alikuwa kiwanda cha watu mmoja.

Siku hizi huko Marekani na Ulaya kuna watu wanaojaza risasi zao wenyewe nyumbani, na wanachukulia kama sanaa ya pekee. Wanalichukua ganda lililokwisha kutumika, wanalirudisha umbo lake kwa mashine ya mkono, wanabadilisha fataki, wanapima baruti kwa mizani nyeti kuliko ya sonara, kisha wanakalisha kichwa kipya cha risasi. Wenye bunduki kubwa za ndovu na nyati ndio wanaozama zaidi kwa hii kazi, na utaona mbeleni kwa nini. Lakini ukweli ni kwamba kujaza mwenyewe si jambo jipya. Ndiyo ilikuwa hali ya kila mtu. Kununua risasi iliyokamilika dukani ndio ugeni.

Hapa Ukambani tuna ushahidi mzuri wa zamani hizo, na unamhusu mtu tuliyemsoma shuleni bila kuambiwa sehemu tamu. Mnamkumbuka Ludwig Krapf, yule mmishonari Mjerumani? Mwalimu alitufundisha kwamba tarehe 3 Desemba 1849 aliuona Mlima Kenya akiwa Kitui. Tuliambiwa kidogo kwamba mwenyeji wake alikuwa Kivui, mfanyabiashara mkubwa wa pembe. Hatukuambiwa yaliyotokea 1851, Krapf aliporudi wakasafiri na Kivui kuelekea mto Tana. Msafara ukashambuliwa. Kivui akauawa. Krapf akatoroka peke yake msituni, akiwa na bunduki ya mitutu miwili.

Sasa fikiria. Mzungu, na bunduki, kwenye nchi ya watu wenye mishale. Kwa filamu huyo ndiye mwenye nguvu. Lakini yeye mwenyewe aliandika alichofanya na ile bunduki. Alipofika mtoni alijaza maji kwenye kasha la ngozi la darubini yake, halafu akajaza maji kwenye mitutu ya bunduki, akaiziba kwa nyasi na vitambaa alivyokata kwenye suruali yake. Bunduki haikuwa na kazi nyingine tena kwake. Ikawa kibuyu.

Nilicheka niliposoma hiyo. Halafu nikaacha kucheka. Maana Wakamba waliokuwa wanawinda ndovu miaka hiyo hawakuwa na tatizo la Krapf. Walikuwa na upinde na mshale wenye sumu ya msunguti. Sumu hiyo hushambulia moyo, na ina nguvu kiasi kwamba wanasayansi wa Ulaya waliichukua wakaitumia kama dawa ya moyo. Jina lake la kisayansi, ouabain, limetokana na neno la Kisomali la mti huo huo. Mwindaji alifunga ncha ya mshale kwa ngozi nyembamba ili sumu isikauke, kwa sababu sumu ikizeeka nguvu hupungua. Upande wa Tsavo, Waata walikuwa na pinde nzito sana, nyingine zinahitaji nguvu ya kuvuta zaidi ya kilo 45. Wataalamu huzilinganisha na zile pinde ndefu za Waingereza wa kale.

Hebu tulia hapo. Ncha, sumu, manyoya, mti, ngozi ya kufunika. Kila kitu kinatoka umbali wa kutembea. Hakuna meli. Hakuna leseni. Hakuna duka. Ukisema hao watu hawakuwa na teknolojia utakuwa umenikosea mimi na familia yangu.

Turudi kwa gobore, kwa sababu nayo ilikuwa na madhaifu yake na sitaki kuonekana kama naipamba.

Mwaka wa 1871 kijana Mwingereza wa miaka 19, Frederick Selous, aliteremka Afrika Kusini. Alienda kumwomba ruhusa mfalme Lobengula wa Ndebele awinde ndovu, na akaanza kazi na magobore ya kalibu ya nne. Maana ya "nne" ni kwamba ratili moja ya madini ya risasi hutoa tufe nne tu zinazotoshea mtutu huo. Kila tufe ni kama gramu 113. Weka chapati ya unga wa kutosha mkononi, uzito ni huo. Selous alikuwa anabeba baruti kwenye mfuko wa ngozi kiunoni na anaichota kwa mkono. Kwa mkono, wasee. Hakuna kipimo. Siku unachota kidogo, siku unachota nyingi.

Siku moja bunduki yake ilikataa kulipuka, na katika ile haraka msaidizi wake akaishindilia tena juu ya mzigo uliokuwemo. Selous alipofyatua, ilimwinua kutoka ardhini, kitako kikavunjika, naye akaumia. Hakufa. Alikuja kufa huku kwetu, tarehe 4 Januari 1917, akiwa na miaka 65, akipigana na Wajerumani pale Beho Beho, Tanganyika. Alizikwa huko huko. Pori kubwa la Selous likapewa jina lake, na mwaka 2019 sehemu yake kubwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Kwa hivyo kujaza mwenyewe kulikuwa uhuru, lakini uhuru unaoweza kukuvunja bega. Ndiyo maana wawindaji walishangilia viwanda vilipokuja.

Na vilikuja haraka. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyotoa moshi. Mwaka 1889 Waingereza wakapata yao, kodaiti, vijiti virefu vyembamba kama tambi zinazojazwa ndani ya ganda. Mwaka 1898 mtengenezaji bunduki John Rigby akaleta risasi ya .450 iliyotumia kodaiti. Kichwa chake kilikuwa na gramu 31 tu, lakini kilikimbia zaidi ya mita 650 kwa sekunde. Ile gramu 113 ya Selous ikastaafu.

Kulikuwa na shida moja ya huku kwetu: joto. Kodaiti ikipata jua la Afrika au India, ikilipuka shinikizo hupanda kupita kiasi. Ganda linavimba, linakwama ndani ya bunduki, na ndovu hangojei ulitoe. Suluhisho lao lilikuwa kutengeneza maganda makubwa yenye nafasi, ili shinikizo lisifike hatarini. Sasa nikaelewa kwa nini ganda la Susu ni refu hivyo. Sio mbwembwe. Ni jua la Kibwezi lililopimwa na mtu aliyekaa Uingereza.

Lakini namba ile, .470, ilikuwa bado inanisumbua. Kama .450 ya 1898 ilifanya kazi vizuri, ya nini kutengeneza .470? Tofauti ya upana wa vichwa vyao haifiki nusu milimita. Ndovu hawezi kujua tofauti hiyo.

Jibu liliponifikia niliweka simu chini.

Mwaka 1907 serikali ya Uingereza ilipiga marufuku bunduki za .450 nchini India na Sudan. Sababu ilikuwa hofu. Jeshi lao lilikuwa limetumia kwa miaka bunduki ya Martini-Henry, ambayo nayo ilikuwa ya kundi hilo la .450, na nyingi zilikuwa zimeishia mikononi mwa watu waliokuwa wanapinga utawala. Serikali iliogopa kwamba risasi za wawindaji matajiri zingefika kwa hao watu, wazifungue, wachukue kilichomo, wajaze upya za kwao. Basi watengenezaji bunduki wa London wakabadilisha vipimo kidogo ili wasiguse marufuku: .465, .475, .476, na ya Joseph Lang, .470. Hiyo ya mwisho ndiyo ikaja kupendwa zaidi na wawindaji wa kulipwa Afrika.

Umeona? Ganda la ugoro la Susu lina namba hiyo kwa sababu himaya kubwa kuliko zote duniani ilikuwa inaogopa mtu fulani, mahali fulani, amekaa chini ya mti na koleo na kipande cha shaba, anajaza risasi yake mwenyewe.

Hawakuogopa bunduki. Bunduki zilikuwa zimeshatoka. Waliogopa fundi.

Na hii haikuwa mara ya kwanza. Miaka 17 kabla ya hapo, tarehe 2 Julai 1890, mataifa yalitia saini Mkataba wa Brussels. Tunaukumbuka kama mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, na ndio, ulikuwa huo. Lakini ndani yake kuna vipengele kuhusu silaha. Kutoka digrii 20 kaskazini mwa ikweta hadi digrii 22 kusini, bunduki za kisasa na risasi zake zikazuiwa kuingia. Walioachiwa mlango ni majeshi ya serikali, wasafiri wenye barua kutoka serikali zao, na watu waliotoa dhamana ya kutosha kwamba silaha haitaenda kwa mwingine. Mwafrika wa kawaida aliweza kuachiwa gobore na baruti duni, ile iliyoitwa baruti ya biashara, tena kutoka ghala linalosimamiwa.

Najua mtu atasema: bunduki zilikuwa zinatumika kuwakamata watumwa, si ni vizuri zikizuiwa? Ni kweli zilikuwa zinatumika hivyo, na siwezi kulia kwa niaba ya wateka watu. Lakini angalia matokeo. Dunia ilikuwa inahama kutoka risasi unayojaza mwenyewe kwenda risasi ya kiwandani. Na katika dirisha hilo hilo, watu wa upande huu wa dunia wakafungiwa nje ya duka. Miaka michache baadaye Waingereza wakaingia bara na bunduki za kisasa, na sisi tukawapokea na mishale na magobore. Tukaandikiwa kwenye vitabu kwamba tulishindwa kwa sababu tulikuwa nyuma. Nyuma ya nini? Nyuma ya mlango.

Baada ya hapo sheria ikamaliza kazi. Uwindaji ukawa wa leseni, na leseni ikawa ya mwenye bunduki na pesa. Aprili 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwa urais wa Marekani, alishuka Mombasa na mwanawe Kermit. Alikuwa na bunduki ya mitutu miwili ya Holland & Holland aliyozawadiwa na marafiki wa Uingereza. Wawili hao walipiga wanyama wakubwa 512, wakiwemo ndovu 11 na simba 17, wengi kwa ajili ya jumba la makumbusho la Smithsonian. Waliitwa wawindaji, na wanasayansi, na mashujaa.

Mkamba aliyepiga ndovu mmoja kwa mshale aliitwa jangili.

Ndio tunafika miaka ya 1950 na kwa ndugu wangu wawili. Hifadhi ya Tsavo ilianzishwa 1948, ikachukua maeneo ambayo Waata na Wakamba walikuwa wanawinda toka zamani. Mwaka 1956 na 1957 ikaja operesheni kali dhidi ya ujangili, iliyoongozwa na watu kama David Sheldrick, msimamizi wa Tsavo Mashariki. Wanaume wengi wa Waata na Wakamba wakafungwa. Pinde zikachukuliwa. Kaka mkubwa wa babu alikuwa mmoja wao.

Babu wakati huo alikuwa mbeba bunduki wa mwindaji fulani wa kulipwa, aliyekuwa anapeleka matajiri wa ng'ambo porini. Kazi ya mbeba bunduki ni rahisi kuieleza: unatembea nyuma ya bwana na bunduki ya pili, na risasi ziko kwenye mkanda wako. Bwana akishafyatua mitutu miwili unampa iliyojazwa, unachukua tupu, unatoa maganda, unatia mbili mpya, haraka, huku ndovu anakuja. Susu anasema babu alikuwa na mikono mizuri sana. Alikuwa anatia risasi bila kuangalia, macho kwa mnyama.

Kwa hivyo babu ndiye alikuwa anazibeba. Ndiye alikuwa anajua ni ngapi zimebaki. Ndiye alikuwa anajaza bunduki. Na kwa sheria ya nchi yake hakuwa na haki ya kufyatua hata moja kwa ajili yake mwenyewe. Kilichobaki mikononi mwake baada ya miaka yote hiyo ni ganda tupu.

Nilimuuliza Susu kama kaka yake babu alikuwa anawinda kwa ajili ya chakula. Nilitaka jibu safi la kuweka hapa. Akaniangalia vile wazee huangalia mtoto aliyesoma.

"Nyama tulikula. Pembe aliuza."

Basi. Si malaika. Wakamba walikuwa wanauza pembe pwani kabla hata ya Kivui, na misafara yao ilikuwa maarufu. Sitaki kuwaambia kwamba sisi tulikuwa watunza mazingira na wazungu ndio waharibifu. Wote waliua ndovu. Wote walipata pesa. Mmoja alikuwa na risasi ya kiwandani na stempu ya serikali, mwingine alikuwa na mshale aliojitengenezea. Tofauti ya mwindaji na jangili ilikuwa hapo.

Sasa, historia ina ucheshi wake, na hii sehemu niliipenda sana.

Kuelekea mwisho wa ukoloni, matajiri wa bunduki kubwa wakaanza kukutana na kibuyu cha Krapf. Himaya inafungwa, wateja wanapungua, na katika miaka ya 1960 Kynoch ya Birmingham ikaacha kutengeneza zile risasi kubwa za kodaiti. Watu wakabaki na bunduki za London zenye thamani ya nyumba na hawana cha kutia ndani.

Wamarekani walikuwa tayari wameleta mbadala. Winchester walitoa .458 mwaka 1956, fupi na ya bei nafuu. Lakini ili iwe fupi, baruti ilibidi ishindiliwe ndani ya ganda dogo, na baadhi ya risasi hizo zilikuja kulaumiwa kwamba baruti iliganda ikawa madonge na nguvu ikapotea. Mwaka 1959 Mmarekani Jack Lott, akiwa Msumbiji na bunduki ya aina hiyo, aliumizwa vibaya na nyati ambaye risasi hazikumwangusha. Alipopona hakungoja kampuni. Alichukua umbo la ganda la zamani la .375 la Holland & Holland, la 1912, akalipanua, na kufikia 1971 alikuwa na risasi yake, .458 Lott. Kwa miaka mingi ukiitaka ilibidi ujijazie mwenyewe au umtafute fundi. Kampuni kubwa ilikuja kuitengeneza 2002.

Yaani mtu amekosa imani na risasi ya dukani, amekaa kwa meza yake, akajitengenezea. Na dunia ya wawindaji inamsifu mpaka leo, jina lake liko kitakoni mwa kila ganda. Mimi pia namsifu, sina neno. Ila natamani mtu angemweleza kaka yake babu kwamba kuna mahali duniani ambapo kujitengenezea risasi ya ndovu kunakufanya uwe mvumbuzi.

Msinielewe vibaya. Siombi bunduki zirudi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa ndovu 1973, na Mei 1977 ikafunga uwindaji wote. Mimi naunga mkono. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 tulikadiriwa kuwa na ndovu 167,000 hivi, na kufikia 1989, mwaka ambao Rais Moi alichoma tani 12 za pembe, walikuwa wamebaki chini ya 20,000. Waliowamaliza miaka hiyo hawakuwa na mishale. Walikuwa na bunduki za kivita, zenye risasi za kiwandani. Na kujaza risasi nyumbani hapa Kenya bila leseni ni kosa, na usijaribu, hii si stori ya kukuchochea.

Ninachoomba ni kidogo. Tunapoenda makumbusho, tunapowapeleka watoto Tsavo, tunapoandika vitabu vya shule, tuache ile lugha ya "wawindaji maarufu" upande mmoja na "majangili" upande wa pili kana kwamba hizo ni tabia walizozaliwa nazo. Tuseme nani alikuwa na leseni na nani aliitoa. Tuseme nani alibeba risasi na nani alifyatua. Tuseme kwamba mwaka 1960 serikali ya kikoloni yenyewe ilianzisha mpango kule Galana wa kuwaacha Waata wawinde kihalali. Walifanya hivyo baada ya kuwafunga. Maana yake walijua.

Na majina. Kwenye picha za zamani za safari utaona "Bwana fulani na ndovu wake", halafu nyuma kuna wanaume watatu wanne wamesimama, mmoja ameshika bunduki ya pili. Hawana majina. Mmoja wao anaweza kuwa mtu wa kwenu. Kama bado una Susu, au nyanya, au guka, nenda uulize kabla hujachelewa kama mimi nilivyochelewa kwa babu.

Pasaka nilirudi Kibwezi nikamsomea Susu haya yote, namtafsiria Kikamba pale ninapoweza. Nilimwambia kuhusu 1907, kuhusu hofu ya Waingereza, kuhusu ile nusu milimita. Nikamwambia pia kwamba wapo watu ng'ambo wanaokusanya maganda ya zamani kama hayo na wanalipa pesa, na kwamba fundi wa huko anaweza hata kulijaza tena likafyatuliwa.

Akalichukua, akatoa kile kizibo cha mti, akachungulia ndani. Lilikuwa karibu kuisha. Akafungua karatasi ya ugoro mpya aliyonunua sokoni, akaanza kulijaza taratibu, anagonga kitako chake kwa goti ili uingie vizuri.

"Waambie," akasema, "mimi nalijaza kila Jumamosi."